NANI ZAIDI? Ubishi wa kijiweni na kitabu ambacho hatujakiandika

Ndugu msomaji, ukiteremka Nduguti jioni, ukiwa bado unajipangusa vumbi la barabara ya Iguguno, utakuta kijiwe cha kahawa kimeshapamba moto. Bei ya alizeti ilizungumzwa asubuhi, siasa ikazungumzwa mchana, sasa ni zamu ya mpira. Na swali ni lile lile la miaka nenda miaka rudi: nani zaidi?

Siku ninayotaka kuizungumzia, waliowekwa kwenye mizani walikuwa Abdallah Kibadeni na Mbwana Samatta. Upande wa Kibadeni alisimama mzee mmoja aliyewahi kuwa utingo wa malori zamani. Upande wa Samatta alikuwepo dogo wa bodaboda, simu mkononi, tarakimu zote kiganjani.

"Mwanangu," mzee alisema, "Kibadeni akigeuka, beki anabaki anatafuta kofia yake."

"Kwani mzee wangu ulimwona wapi? Si ulisimuliwa na redio tu?"

Kijiwe kizima kilicheka. Mzee hakucheka. Alishusha kikombe chake, akajibu taratibu: "Nilimwona. Kwa sikio."

Jibu hilo limenikaa kichwani hadi leo. Katika vijarida vyetu hivi tumehakiki diwani, tumehakiki riwaya, tumewasema na wanamuziki. Ubishi wa mpira tumeuacha, kana kwamba ni kelele za watu wasio na kazi. Mimi nasema ubishi huu ni kazi ya sanaa, una fani yake na maudhui yake, na kama ilivyo kazi yoyote ya sanaa, una uzuri wake na una kasoro zake. Kasoro moja ni kubwa mno, na sisi tunaojiita waandishi ndio tunaohusika nayo. Nitaifikia. Tuanze na uzuri.

FANI YA UBISHI

Mbishi hodari haanzi kwa kueleza. Anaanza kwa namba. "Sita!" anasema shabiki wa Simba, na hahitaji kuongeza neno. Kila mtu pale kijiweni anajua ni Julai 19, 1977, Simba 6 Yanga 0, na kwamba Kibadeni peke yake alitia mabao matatu. Shabiki wa Yanga naye anajibu, "Tano!" Hapo tena inabidi aulizwe tano ipi, maana anazo mbili: ile ya Juni 1968, wakati Simba bado inaitwa Sunderland, ilipolala 5-0, na ile ya Novemba 5, 2023, Yanga 5 Simba 1. Mnyama naye anayo tano yake ya Mei 6, 2012, 5-0, siku ambayo hata kipa Juma Kaseja alifunga kwa penati. Angalia basi: neno moja tu, "tano", limebeba miaka hamsini na tano ya historia, na msikilizaji analifungua mwenyewe. Ni washairi wangapi kati yetu wanaoweza kubana kiasi hicho?

Kisha kuna lakabu. Sunday Manara wa Yanga aliitwa Kompyuta. Hebu jiulize, msomaji: mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Watanzania waliokuwa wameiona mashine hiyo kwa macho walikuwa wachache kupindukia. Lakini maelfu waliijua, kwa sababu walimjua Sunday. Kompyuta kwao ilikuwa ni kiumbe kinachopiga hesabu ya pasi kabla adui hajawaza. Hamisi Gaga aliitwa Gagarino, na kwa jina hilo mtu wa angani, Gagarin, akatua Msimbazi. Mohamed Hussein aliitwa Mmachinga, jina la kijana mchuuzi wa barabarani, na mwaka 1999 huyo Mmachinga akafunga mabao 26 katika ligi. Lakabu hizi ni sitiari zilizotungwa na umma, na kila moja inakwambia watu wa wakati wake walikuwa wanastaajabia nini: mashine, anga za juu, au ujanja wa kupata mkate mjini.

Tatu ni tambo. Hapa sina haja ya kueleza sana. Tangu enzi za majigambo ya mashujaa, Mwafrika anajua kwamba ushindi usiosemwa haujakamilika. Na tambo ni sanaa inayojitegemea, haijali sana jezi. Haji Manara, mtoto wa huyo huyo Sunday wa Yanga, alikuwa msemaji wa Simba na akawatambia Yanga mpaka basi. Mwaka 2021 akahamia Yanga, na ufundi ule ule ukageuzwa kibao kuelekea Msimbazi. Waliokasirika walikasirika. Lakini mhakiki anajifunza kitu: yule aliyetia maneno mdomoni mwa mashabiki alikuwa ni fundi wa maneno kwanza.

MPIRA WA MASIKIONI

Turudi kwa mzee wetu aliyemwona Kibadeni kwa sikio. Je, alidanganya?

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, lakini huku bara, kwa mtu wa Singida, Songea au Sumbawanga, mechi zote zile kubwa za miaka ya sabini na themanini zilifika kwa njia moja tu: Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ya mkulima, betri zimeanikwa juani ili zipate nguvu ya dakika tisini. Watu ishirini mmezunguka redio moja, hakuna anayekohoa.

Sasa mpira unaosikilizwa ni mpira uliotungwa kwa maneno. Anapoupokea mchezaji, mtangazaji anaupokea naye. Akina Ahmed Jongo na marehemu Charles Hilary, kwa kizazi chao, hawakuwa wanatoa taarifa tu. Walikuwa wanajenga uwanja ndani ya kichwa cha mtu ambaye hajawahi kufika Dar es Salaam. Kila msikilizaji alijijengea Uwanja wa Taifa wake. Nyasi alizipaka rangi mwenyewe. Kibadeni wa mzee wetu wa Nduguti ana sura ambayo huenda Kibadeni mwenyewe hana.

Kwa hiyo dogo wa bodaboda alipouliza "ulimwona wapi?" aliuliza swali la kihakiki bila kujua. Aliuliza: ushahidi wako ni nini? Na mzee alijibu kihakiki vile vile: ushahidi wangu ni simulizi. Wote wawili walikuwa na haki. Ubaya ni kwamba kicheko kiliwakatiza, na baada ya kicheko hakuna aliyeendelea kuuliza.

KASORO YA KWANZA: MIZANI MMOJA, BIDHAA MBILI

Tuutazame ubishi wenyewe. Dogo alisema hivi, na alisema kweli: Samatta alitwaa ubingwa wa klabu za Afrika na TP Mazembe mwaka 2015. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara hili, jambo ambalo hakuna Mtanzania aliyekuwa amelifanya. Akaenda Genk ya Ubelgiji, msimu wa 2018/19 akatwaa ubingwa na kufunga mabao 23. Januari 2020 akaingia Aston Villa, Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi mosi mwaka huo huo akaifunga Manchester City pale Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Villa walilala 2-1.

Mzee akasema hivi, na alisema kweli pia: Kibadeni aliwatia Yanga matatu katika siku moja. Na hata alipotundika daluga hakuondoka mpirani. Yeye ndiye alikuwa kocha wa Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993.

Sasa nani zaidi? Mimi nasema swali limeulizwa vibaya. Mchezaji wa 1977 hakuwa na wakala, hakuwa na video ya kumpelekea mtu Ubelgiji, na kucheza ughaibuni kulikuwa kama kwenda mwezini. Sunday Manara aliyefanikiwa kuvuka na kucheza Heracles ya Uholanzi alihesabika kama muujiza. Ukimpima Kibadeni kwa Wembley unamwonea. Ukimpima Samatta kwa Simba na Yanga unamwonea vile vile, maana Msimbazi alipita kwa muda mfupi tu kabla ya kwenda Lubumbashi.

Usicheke, msomaji, maana sisi washairi ugonjwa huu tunao. Mara ngapi tumekesha tukibishana Shaaban Robert zaidi au Kezilahabi zaidi? Mmoja anashika vina na mizani, mwingine anashika kitabu cha Kichomi, na hadi kunakucha hakuna aliyesoma shairi hata moja kwa sauti. Kichomi kilitoka 1974. Shaaban Robert alikuwa amefariki tangu 1962, hakupata nafasi ya kujibu wala ya kushawishika. Kumuuliza Shaaban kwa nini hakuandika mashairi huru ni sawa na kumuuliza Kibadeni kwa nini hakufunga Wembley.

Swali la maana, kwa mtazamo wangu, ni hili: kila mmoja alikuta mlango gani umefungwa, na aliufungua kwa namna gani? Hapo mzee na dogo wangeweza kukaa benchi moja. Kibadeni aliweka kipimo ambacho kila mshambuliaji wa watani wa jadi anapimwa nacho hadi leo. Samatta alifungua mlango ambao watoto wa Mbagala na wa Nduguti walikuwa hawajui kama upo. Ukuu ni wa aina nyingi, na mbishi mzuri anautaja kwa aina yake.

KASORO YA PILI: KUMBUKUMBU INAYOCHAGUA

Mwaka 1979 Simba ilikwenda Lusaka kucheza na Mufulira Wanderers katika Klabu Bingwa Afrika, ikashinda 5-0. Kila shabiki wa Simba wa umri fulani atakusimulia. Atakusimulia hadi jasho. Lakini mwulize: kwa nini mabao matano yalihitajika? Hapo atakohoa. Yalihitajika kwa sababu katika mechi ya kwanza, hapa hapa nyumbani, mbele ya watu wake, Simba ilifungwa 4-0.

Jamani, huoni kwamba nusu inayofichwa ndiyo inayoipa hadithi uhai? Bila aibu ya Dar es Salaam, Lusaka ni ushindi mkubwa tu. Ukiiweka aibu mbele, Lusaka inakuwa ni habari ya watu waliopanda ndege wakiwa wamezomewa, wameshaandikiwa rambirambi, wakaenda kufanya lisilofikirika. Shabiki anaikata hadithi yake miguu kwa mapenzi. Nimeona waandishi vijana wakifanya hivyo hivyo: shujaa wa hadithi hakosei, hapigwi, hatoki jasho. Nani atamlilia?

Mwaka 1974 ni mfano mwingine. Mtu wa Yanga akisema "sabini na nne" anamaanisha Mwanza, Uwanja wa Nyamagana, Agosti, Yanga 2 Simba 1, Sunday Manara akilipachika la ushindi katika dakika za nyongeza. Mtu wa Simba akisema "sabini na nne" anamaanisha Simba kufika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa matuta tu. Mwaka mmoja, nchi moja, hadithi mbili ambazo hazisalimiani. Nimekaa vijiweni miaka, sijasikia mtu akizisimulia zote mbili kwa pumzi moja. Kumbe ndiyo ingekuwa hadithi kamili: timu iliyotisha Afrika ikafungwa na jirani yake.

Na fainali je? Simba ya 1993 ilitoka sare tasa Abidjan na Stella, nchi nzima ikajua kombe limekuja, halafu ikalala 2-0 nyumbani. Miaka thelathini baadaye, 2023, Yanga nayo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, ikaenda kushinda 1-0 Algiers, kombe likaponyoka kwa sheria ya mabao ya ugenini. Mwaka 2025 Simba ikafika fainali hiyo hiyo, ikalala 2-0 kwa Berkane ya Morocco na kutoka 1-1 Zanzibar. Fainali tatu, makombe sifuri. Ubishi wa kijiweni ni nani kafungwa vizuri zaidi. Mtu mwenye kalamu angeuliza kitu kingine: ni nini hiki kinachotufikisha mlangoni na kutunyima ufunguo? Swali hilo halina jezi, ndiyo maana halipigiwi makofi.

WENZETU WALIOANDIKA

Kuna watu duniani wanaobishana kutuzidi, nao ni Wamarekani wapenzi wa besiboli, ule mchezo wao wa kupiga mpira kwa rungu. Tofauti yao na sisi ni daftari. Tangu karne ya kumi na tisa magazeti yao yanachapa jedwali la kila mechi: nani alipiga, nani alikosa, mara ngapi. Leo hii kijana wa huko anaweza kukwambia kwamba Babe Ruth wa New York Yankees aliutoa mpira nje ya uwanja mara 60 katika msimu wa 1927, na kwamba Roger Maris alifikisha 61 mwaka 1961.

Je, daftari lilimaliza ubishi? Aah wapi! Wakaanza kubishana kwamba Ruth alicheza msimu wa mechi 154 na Maris msimu wa mechi 162, kwa hiyo hesabu si moja. Namba haziui ubishi. Zinaupandisha daraja tu.

Lakini sikiliza hili. Kwa miongo mingi weusi walizuiwa kucheza katika ligi kubwa, wakawa na ligi zao. Huko alikuwepo Josh Gibson, ambaye waliomwona waliapa kwamba hajatokea mpigaji kama yeye. Alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajavunja ule ukuta. Vitabu vikubwa havikumhesabu. Aliishi kwenye midomo ya wazee, kwenye vinyozi na vibaraza, wakicheka na kuapa kama mzee wetu na redio yake. Watafiti walikuja kukusanya jedwali moja moja kutoka kwenye magazeti ya weusi, na Mei 2024 takwimu za ligi hizo zikaingizwa rasmi katika rekodi kuu. Gibson akampita Ty Cobb, akawa wa kwanza katika orodha yote kwa wastani wa kupiga: .372 dhidi ya .367.

Yaani wale wazee wa vibarazani walikuwa sahihi. Midomo ilimtunza mtu kwa miaka zaidi ya sabini mpaka daftari likamfikia. Ila angalia na upande wa pili: bila yale magazeti madogo madogo ya weusi, ambayo hakuna aliyeyapa uzito, midomo peke yake isingetosha. Wazee wangekufa na Gibson wao.

KASORO KUBWA

Sasa nimefika pale nilipoahidi.

Pale kijiweni Nduguti nimesikia majina ya Kariakoo yote, toka Jangwani hadi Msimbazi. Nimesikia Zamalek ya 2003 na penati za Cairo. Nimesikia bao la Peter Tino kule Ndola lililotupeleka Lagos 1980. Sijasikia mtu akibishana kuhusu Singida.

Hali kuna cha kubishania! Singida United ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2018, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar pale Arusha. Miaka miwili baadaye ikashuka daraja. Ikaja timu iliyokuwa ikiitwa DTB, ikabatizwa Singida Big Stars 2022, mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate, kisha Fountain Gate ikaondoka zake. Ihefu ya Mbarali ikageuzwa Singida Black Stars 2024, na Septemba 2025 hiyo hiyo ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan 2-1. Kombe hilo lilikuja mkoani kwetu. Kijiweni lilizungumzwa siku mbili, siku ya tatu tukarudi 1977.

Mtu atasema ni kosa la timu zenyewe, zinazobadili majina kama mtu anayekwepa deni. Kuna ukweli. Ni vigumu kusimulia kitu ambacho jina lake halikai. Lakini nauliza, tumejaribu? Yanga ya 1935 na mtani wake wa 1936 hazikuzaliwa zikiwa hadithi. Sunderland nayo ilibadili jina mwaka 1971, na hakuna anayesema Simba haina historia. Zilikuwa timu za vijana wa mtaani, watu wakazisimulia mpaka zikawa kubwa kuliko wachezaji wake.

Na shuka chini zaidi ya ligi. Wilaya yetu ya Mkalama ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012, lakini mpira haukuanza 2012. Ulichezwa kwenye viwanja vya shule, kwenye mashamba baada ya mavuno, na kata zilipambana na kata.

Pale kijiweni alikuwepo babu mmoja fundi baiskeli. Katika ubishi hakuwa anasema. Anakunywa kahawa, anasikiliza, anarudi kwenye spoku zake. Siku moja nilimpelekea baiskeli, nikamuuliza tu kwa kupitisha muda: "Babu, wewe Simba au Yanga?" Akasema, "Mimi nilikuwa kipa."

Ikawa kama mtu amefungua bomba. Aliniambia walivyokuwa wanatembea kwa miguu alfajiri kwenda kucheza kijiji kingine, wamebeba uji kwenye kibuyu. Wakishinda wanarudi usiku wakiimba, wakifungwa wanarudi kwa njia nyingine ili wasikutane na watu. Alinionyesha kidole cha kushoto kisichokunjika. Alisema katika mashindano fulani hakufungwa bao hata moja. Nikamwambia, "Babu, nitakuja na daftari." Akasema, "Njoo baada ya kuvuna."

Sikwenda. Nilikuwa naandika hadithi fupi kuhusu mpelelezi wa Nairobi, mji ambao sijawahi kufika.

Mwaka jana tulimzika. Baada ya matanga nilimtafuta mzee mwingine aliyecheza naye, nikamuuliza kama kweli babu hakufungwa. Akacheka mpaka akakohoa. "Yule? Yule alikuwa anadaka upepo! Siku tuliyokwenda upande wa Isanzu tulikula tano." Sasa mimi nimwamini nani? Mmoja yupo kaburini na kidole chake, mwingine yupo hai na kicheko chake. Hakuna gazeti, hakuna jedwali, hakuna redio iliyotangaza. Nimebaki na hadithi mbili zisizosalimiana, kama sabini na nne, ila hizi zina shahidi mmoja mmoja tu, na mmoja ameshaondoka.

Hii ndiyo kasoro, ndugu zangu. Ubishi wetu ni mtamu, una namba, una sitiari, una tambo, lakini umekodishwa. Tunatunza kwa bidii kumbukumbu za mtaa ambao wengi wetu tumeupita tukiwa ndani ya daladala, na za kwetu tunaziacha zife kwa ustaarabu. Sisemi tuache kumbishania Kibadeni. Yeye ni wetu pia. Mzee alimwona kwa sikio, na sikio hilo lilikuwa la Nduguti. Hata hiyo ingekuwa hadithi ya kuandikwa: sio bao, ila redio, betri juani, na mtoto aliyetumwa kununua betri mpya akachelewa mpaka mabao mawili yakampita.

Washikaji wengi mnaotuma kazi humu mnalalamika hamna cha kuandika, eti Nduguti hakuna kinachotokea. Nendeni kijiweni na daftari. Msikilize ubishi mpaka mwisho, kisha mumgeukie yule ambaye hajasema kitu, mumuulize alicheza namba ngapi. Akikwambia, andika jina la kijiji, andika mwaka kama anaukumbuka, andika na anayempinga anasemaje. Mbili zikigongana, msiziamulie. Ziacheni zigongane kwenye karatasi, msomaji asikie mlio.

Juzi nilipita tena pale. Dogo wa bodaboda na mzee utingo bado wanashindana, safari hii ni Kaseja dhidi ya makipa wa leo. Nilikaa na daftari langu. Mzee akaniuliza naandika nini. Nikamwambia naandika ile redio ilikuwa ya nani. Akanyamaza kidogo, halafu akasema redio ilikuwa ya mjomba wake, na mjomba alikuwa Yanga, na zilipotimia sita aliizima, wakabaki wanasikiliza nzi.

Kurasa tatu zimeshajaa. Anayebisha naye aandike.